Bibi Harusi, Usiziogope Chenga Kwenye Picha Zako

 

Leo tunataka kusema jambo ambalo wapiga picha wengi hawatalipenda. Picha ya bibi harusi yenye chenga ni bora kuliko picha iliyosafishwa na mtu ambaye hakustahili kuiona. Mkubali au mkatae, tusomeni kwanza hadi chini.

Sisi tupo Kigonsera, wilaya ya Mbinga, kwenye barabara ya kutoka Songea kwenda Mbinga mjini. Bahari hatuna, tuna Ziwa Nyasa, nalo mpaka ushuke Mbamba Bay. Waislamu huku si wengi na misheni ya Kikatoliki ipo hapa tangu 1899, lakini harusi zetu zipo, na upande wa wanawake unafungwa vilevile kama huko kwenu Unguja na Pemba. Kazi yetu ni kushona na kukodisha magauni ya harusi. Kamera tuliiongeza baadaye, kwa sababu kila bibi harusi aliyekuja kupima alikuwa na swali lilelile: "Dada, hakuna mwanamke anayepiga picha?"

Sasa chenga ni nini? Ni zile punjepunje zinazotapakaa kwenye picha iliyopigwa penye mwanga hafifu, kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Kwenye kamera kuna namba inayoitwa ISO. Inaanzia kama 100, inapanda 200, 400, 800, hadi 6400 na zaidi. Watu wanaambiana kuwa ISO ikipanda ndiyo inayoleta chenga. Si hivyo hasa. Kinacholeta chenga ni uchache wa mwanga. ISO ni kama kitufe cha sauti kwenye redio: stesheni ikiwa mbali, ukiongeza sauti utamsikia mtangazaji na utausikia na ule mlio wa "shhh". Mlio ulikuwepo, wewe umeukuza tu.

Na hebu fikirini chumba cha bibi harusi kilivyo. Pazia zimeshushwa ili wapita njia wasione ndani. Mlango umefungwa. Shughuli imeanza baada ya isha. Juu kuna balbu moja, tena ya njano. Huku kwetu harusi nyingi hufuata malipo ya kahawa, na miezi hiyo ina baridi na ukungu, kwa hiyo hata mchana madirisha yanafungwa. Stara yetu yenyewe inatupeleka gizani. Mwanamke anayepigwa picha nje saa 10 jioni hazijui chenga. Sisi tunaozifuata taratibu zetu ndio tunaozipata.

Hiyo balbu ya njano nayo ina mambo yake. Mwanga wake una rangi ya bluu kidogo sana. Ili shela nyeupe isitoke njano kama samli, kamera au kompyuta inalazimika kuivuta ile bluu kidogo iliyopo, na chenga zinavutwa pamoja nayo. Taa nyekundu za muziki ukumbini ndiyo balaa zaidi: hina inapotea, midomo inapotea, uso unabaki bapa. Mahameri nyeusi nayo inaonesha chenga kuliko kitambaa cheupe, hasa mpiga picha akilazimisha weusi wake uwe mweupe kidogo ili nakshi zionekane.

Picha zikitoka hivyo, bibi harusi analalamika, na ana haki, kalipa pesa. Hapo ndipo mpiga picha anapoanza kutafuta mtu wa kuzisafisha, na hapo ndipo penye maneno yetu.

Tulimshonea binti mmoja ambaye mama yake alisimamia stara ya siku ile barabara. Simu zote zilikusanywa kwenye kikapu mlangoni. Mpiga picha alikuwa mwanamke. Hata watoto wa kiume waliokwisha kupata akili waliambiwa wakae nje. Wiki moja baadaye picha zilikuwa kwenye studio moja mjini, studio ambayo hatuitaji, kijana wa kiume anazisafisha moja moja, kioo cha kompyuta kimeelekea kaunta na wateja wamepanga foleni. Nywele, mabega, mikono yenye hina, vyote. Sasa kikapu cha simu kilikuwa na kazi gani? Surat An-Nur aya ya 31 imetaja wanaoruhusiwa kuona mapambo ya mwanamke, na fundi wa kompyuta hayumo.

Mpiga picha yule hatumtetei, ila sababu tunaijua. Programu nzuri za kuondoa chenga zinataka kompyuta yenye nguvu. Lightroom ya Adobe ilipoletewa uwezo wa kusafisha kwa akili mnemba, Aprili 2023, kazi ilirahisika kwa wenye mashine kubwa. Mwenye laptopu ya kawaida anasubiri dakika nyingi kwa picha moja, na harusi moja ina mamia ya picha. Basi anazipeleka kwa mwenye mashine. Wengine wanatumia programu za bure kwenye simu, na baadhi ya hizo husafirisha picha hadi kwenye kompyuta za kampuni, nchi nyingine kabisa, zisafishwe huko ndipo zirudi. Umemzuia shemeji yako asiione picha, lakini iko kwenye seva usiyoijua.

Halafu huo usafi wenyewe tuuangalie kwa macho ya fundi cherehani. Programu haiijui chenga ni ipi na ushanga ni upi. Vyote ni vitu vidogo vinavyong'aa. Ukisafisha kwa nguvu, lesi inakuwa kama imepigwa pasi ya moto, inalala. Mistari myembamba ya hina inaungana. Ngozi inakuwa ya mdoli. Hizi za akili mnemba zinaenda mbali zaidi: pale zisipoona vizuri zinabuni. Tumewahi kuoneshwa picha ya gauni tulilolishona wenyewe, kifuani kuna maua ambayo mikono yetu haikuyashona. Yalikuwa maua mazuri tu. Lakini hayakuwa ya gauni lile.

Tunajua mtakavyosema. Kwamba harusi ni mara moja, kwamba mtu katumia pesa nyingi, hawezi kukubali picha chafu. Sawa. Lakini neno "chafu" lenyewe tulipime. Hapo Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha za filamu za zama zile zilikuwa na punje zake, filamu yenyewe ni punje, na leo watu wanaziweka kwenye fremu sebuleni. Hata wakati wa filamu za rangi, ile ya namba 400 ndiyo ilikuwa ya kupigia penye mwanga mdogo, na kamera za leo ikifika 400 chenga huzioni kwa macho. Tumezoea vibaya. Tunaikuza picha kwenye simu kwa vidole viwili mpaka tuone nukta, halafu tunasema imeharibika.

Picha ikichapishwa mambo yanabadilika. Kamera ya pikseli milioni 24 ikichapishiwa karatasi ya inchi 6 kwa 4, zinazohitajika ni kama milioni 2 tu. Pikseli zaidi ya 10 zinakaa mahali pa moja, na chenga nyingi zinamezana humo. Kabla ya kumlalamikia mpiga picha, mwambie achapishe moja uishike mkononi. Usiihukumu kwa ile uliyotumiwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inaiminya picha na kuiongezea uchafu wake.

Lililo kubwa zaidi ni kuzipunguza chenga kabla kamera haijalia. Hapo tunaweza sana, tena bila gharama.

Taa isogezwe. Taa ndogo iliyo mita 2 kutoka kwa bibi harusi, ukiileta mita 1, mwanga unaomfikia unakuwa mara 4. Palipohitaji ISO 6400 sasa panatosha 1600. Kusogeza taa hakuna bei. Upande wa pili wa uso tunashika kitambaa cheupe, hata shuka, kurudisha mwanga kwenye shavu lenye kivuli. Wengi wanategemea flashi igonge dari irudi, lakini nyumba zetu nyingi huku hazina dari, flashi inaishia kwenye kenchi na mabati.

Dirisha pia halijakatazwa. Tunashona pazia jepesi jeupe, zito kiasi cha kumficha aliye ndani, jepesi kiasi cha kupitisha jua, na tunamkalisha bibi harusi ubavuni mwake mchana. Picha za hina na za gauni zipigwe kati ya adhuhuri na alasiri, kabla ya wageni. Usiku zibaki za ngoma na vigelegele. Somo wengine wanakataa, wanasema bibi harusi haonekani mapema. Tunawaheshimu, lakini ndani ya chumba wapo wao na mpiga picha tu, nani anamuona?

Lenzi nayo ina neno. Ile inayokuja na kamera dukani, ukivuta picha karibu, tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, inaingiza mwanga zaidi ya mara 9. ISO 6400 inashuka chini ya 800. Dada anayetaka kuanza kazi hii anunue lenzi hiyo kabla hajafikiria kubadilisha kamera.

Na asiiogope ISO. Wapo wanaoizuia isipite 800 kwa woga, picha inatoka giza, halafu wanaiangaza kwenye kompyuta. Chenga zinarudi zilezile, mara nyingi mbaya zaidi, na rangi zimekufa. Au wanapunguza kasi ya kamera mpaka bibi harusi akipepesa macho anatoka na ukungu. Chenga tunaishi nazo. Ukungu wa kutikisika haushoneki. ISO 3200 yenye mwanga sahihi inaishinda 800 yenye giza, siku zote.

Kama kusafisha ni lazima, dada mwenyewe asafishe kidogo, kwenye kompyuta yake, baada ya kupiga kwa faili ghafi. Madoadoa ya rangi, mekundu na kijani, yaondolewe, hayo hayana faida na kuyaondoa hakuigusi lesi. Zile punje za weusi na weupe ziachwe nusu. Picha iliyoshindikana kabisa igeuzwe nyeusi na nyeupe, utashangaa inavyotulia. Laptopu ya kawaida inaiweza kazi hiyo.

Kuna shoga zetu wanaosema basi kila mtu apige kwa simu, hali ya usiku ya simu haina chenga. Haina kwa sababu simu inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, na anayecheza ngoma hatulii zikamungoja. Na simu 40 chumbani ni milango 40 ya kutokea hizo picha.

Basi ukienda kupatana bei, usiulize tu idadi ya picha na rangi ya albamu. Uliza nani ataediti, kwenye kompyuta ya nani, na kadi ya kamera atabaki nayo nani. Sisi kadi tunamwachia bibi harusi, bei yake imo ndani ya malipo. Hayo yote tunayaandika kwenye karatasi ileile ya vipimo vya gauni, chini ya kiuno na urefu wa mkono, na mama yake anatia sahihi.