Risala ya Wapangaji wa Dagoretti Corner Kuhusu Nyongeza ya Bei ya Maji na Majitaka

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa bodi inayodhibiti huduma za maji.

Waheshimiwa,

Sisi wapangaji wa ploti zilizo karibu na makutano ya Barabara ya Ngong na ile ya Naivasha hatukuja kudai maji ya bure. Twajua maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na kwamba dawa, mabomba na mishahara hulipiwa. Kinachotuudhi ni jinsi nyongeza hii itakavyotuangukia.

Bei ya uniti hupanda kadiri mita inavyosoma nyingi, ili kumbana anayemwaga maji ovyo. Nia ni njema. Lakini ploti ya vyumba ishirini ina mita moja! Kila chumba kikitumia uniti tatu tu kwa mwezi, mita itasoma sitini, nasi tuwekwe kapu moja na mwenye bustani na kidimbwi cha kuogelea. Mwenye ploti huigawa bili vyumbani, na mpangaji hana hata karatasi ya kuulizia. Siku za mgao, bomba likikauka, tunamkimbilia mwenye mkokoteni. Uniti moja ni mitungi 50 ya lita 20. Akiuza mtungi shilingi 20, uniti imefika 1,000.

Na majitaka? Ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya bili ya maji. Mkipandisha ya maji mmepandisha zote mbili, hata kama bomba la majitaka halijaongezwa futi moja.

Isitoshe, ripoti za udhibiti zimeonyesha kwamba karibu nusu ya maji ya Nairobi hayaleti senti: yanavuja, yanaibwa au hayasomwi kwenye mita. Mbona anayelipa ndiye anayefuatwa kwanza?

Tunadai uniti za ploti zigawanywe kwa idadi ya nyumba kabla ya kupangiwa bei. Ada ya majitaka isiguswe hadi mtandao ufike usikofika. Kiasi cha maji yanayopotea kitangazwe kila robo mwaka, na kisipopungua, nyongeza isimame. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kila mtu, si kila mita.

Tunaomba jibu la maandishi, kwa Kiswahili, kabla bei mpya hazijachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Ni sisi, wapangaji wa Dagoretti Corner.