Waacheni Wabishane

Kila Desemba utawakuta watu wazima wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kisa ni kama Die Hard ni filamu ya Krismasi au siyo. Upande mmoja unasema kisa chote kinatokea mkesha wa Krismasi, sherehe ya ofisi ipo na mti umepambwa. Upande wa pili unajibu kwamba filamu yenyewe ilitoka Julai 1988, na tangu lini pilau ya Krismasi ikaliwa Julai? Wakitoka hapo wanahamia Star Trek na swali la nahodha bora, Kirk au Picard, halafu Doctor Who, halafu Home Alone. Soda zinaisha, hoja haziishi. Na kila Desemba hakosekani mwenye busara mmoja wa kupita, kutikisa kichwa na kuuliza: hivi ninyi hamna kazi?

Huyo mwenye busara nimemchoka, na leo namjibu.

Kwake yeye soga hizi ni kelele tu, na kwa hilo simlaumu sana, kwa sababu nyingine ni kelele kweli. Kinachonikera ni imani yake nyingine, ambayo huisema kwa upole kama mtu anayetoa ushauri: kwamba kitu kizuri hujitunza chenyewe. Filamu ikiwa nzuri itadumu, ikiwa mbovu itakufa, na mdomo wa marafiki wanne kibarazani hauongezi wala haupunguzi. Hapo anakosea, tena kwa ushahidi.

Itazame It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ambayo Wamarekani wengi wangeapa kuwa ndiyo Krismasi yenyewe. Ilitoka Desemba 1946 na ikashindwa kurudisha gharama zake. Iliteuliwa kuwania tuzo tano za Oscar, haikupata hata moja kati ya hizo. Kilichokuja kutuzwa baadaye ni mbinu ya kutengeneza theluji ya bandia. Kwa hiyo theluji ilishinda, filamu ikashindwa. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitoa hakimiliki ya miaka 28, kisha mwenye mali alitakiwa aombe upya. Mwaka 1974 ulipofika, hakuna aliyeomba. Vituo vya televisheni vikagundua kwamba kuna filamu ya bure kwa ajili ya Desemba, vikairusha asubuhi, mchana na usiku wa manane, mwaka baada ya mwaka. Watu wakaizoea, wakaipenda, wakaanza kubishana kwa nini yule tajiri Potter anabaki na dola 8,000 za watu na filamu inaisha bila ya yeye kuguswa hata ukucha. (Mimi naona Capra alifanya sawasawa. Matajiri wa aina ile hawakamatwi.) Mwaka 1993 kampuni moja, Republic Pictures, ilipata njia ya kuidhibiti tena kwa kupitia haki za hadithi fupi iliyozaa filamu hiyo, na NBC ikaanza kuirusha peke yake. Kumbe ikawa na thamani ya kugombewa! Thamani hiyo ilijengwa na miaka karibu 20 ya watazamaji wasiolipwa.

Star Trek nayo ina historia hiyohiyo kwa njia nyingine. Ilianza kuonyeshwa NBC tarehe 8 Septemba 1966. Ilipotaka kufutwa baada ya misimu miwili, mashabiki wakiongozwa na Bjo Trimble na mumewe John waliandika barua kwa wingi hadi msimu wa tatu ukapatikana. Mwaka 1969 ikafutwa kweli, ikiwa na vipindi 79. Kwa hesabu za wakubwa, mambo yalikwisha hapo. Lakini vituo vidogo viliendelea kuirudia, na Januari 1972 mashabiki wakaitana katika hoteli moja New York wakitarajia mamia, wakaja maelfu. Filamu, mifululizo mipya na mabilioni ya baadaye yote yalipita katika mlango huo uliofunguliwa na watu walioambiwa hawana kazi.

Hapa nasimama kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi tunaosema Kiswahili kuliko tunavyodhani. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na kutoka jina hilo akapatikana Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha Enterprise. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap", jitu linalojigeuza sura linamjia katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kinataka sikio lenye subira, lakini ndicho: mwaka 1966, televisheni ya Marekani, lugha yetu ikiwa imepanda chombo kinachokwenda kwenye nyota. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma na kukwama, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Na jina lake la kwanza je? Luteni Uhura hakuwa nalo kwenye skrini kwa zaidi ya miaka 40. Jina Nyota lilitoka kwa William Rotsler, mchoraji aliyekulia katika jumuiya ya mashabiki, aliyeliandika katika kitabu chake cha mwaka 1982. Mashabiki wakalishika, wakaliita, wakalitetea mbele ya waliosema si rasmi. Kwenye filamu ya mwaka 2009 hatimaye likatamkwa. Kwa hiyo jina zuri la Kiswahili katika hadithi nzima ya Star Trek halikutoka kwa wenye mali. Lilikuja kupitia soga.

Mwenye busara atasema nachagua mifano ya vitu vizuri. Basi nimpe kibovu. Tarehe 17 Novemba 1978, CBS ilionyesha Star Wars Holiday Special, kipindi cha sikukuu ambamo Chewbacca anahangaika kufika nyumbani kwa ajili ya Siku ya Uhai. Sehemu ndefu ya mwanzo ni familia yake ikingurumiana bila tafsiri. Kilionyeshwa mara moja tu, na George Lucas hakuficha kwamba hakipendi. Kama ingekuwa ni juu ya wenye mali, kisingebaki. Kilibaki kwa sababu watazamaji walikirekodi kwa deki zao na kunakiliana kanda, nakala ya nakala, mpaka picha ikawa kama inapigwa ndani ya moshi. Ni kibaya, nakubali. Lakini ndimo Boba Fett alimoonekana kwa mara ya kwanza kwenye televisheni, na mtu anayetaka kujua Hollywood iliiona vipi sikukuu mwaka ule hana pa kwenda isipokuwa kwenye kanda za wale wabishi.

Uingereza ni mbaya zaidi, na hapa ndipo hasira yangu inapotoka. BBC, shirika la umma, lilifuta kanda za Doctor Who za miaka ya 1960 ili zitumike tena na nafasi ipatikane. Vipindi zaidi ya 90 vilipotea. Je, nani aliokoa kilichookolewa? Watazamaji wa kawaida, wengine wakiwa bado watoto, walioweka kinasa sauti karibu na televisheni sebuleni na kuomba wazazi wasikohoe. Kwa sababu yao, sauti ya kila kipindi kilichopotea ipo mpaka leo, kila kimoja. Na picha? BBC iliwahi kuuza nakala kwa vituo vya nje, vikiwemo vya Afrika, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilikuwa vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Fikiria hilo. London ilitupa, Jos ikabaki nacho. Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikurudi pamoja na nyingine, lakini maneno yake yote tunaweza kuyasikia, kwa hisani ya mtu aliyekaa kimya sebuleni kwao mwaka 1968.

Najua pingamizi linalofuata: basi unasifia wizi wa kazi za watu. Hapana. Mwandishi na mwigizaji walipwe, tena vizuri zaidi ya wanavyolipwa. Ila anayechoma ghala lake mwenyewe asije kunifundisha kuhusu punje niliyookota njiani.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya zamani. Desemba 2022, mwezi wa sikukuu, HBO Max waliiondoa Westworld kwenye huduma yao, mfululizo wao wenyewe. Mwaka 2023 Disney walitoa Crater, filamu ya watoto walioko mwezini, na wiki saba baadaye wakaiondoa. Ilirudi miezi kadhaa mbele kwa njia ya kuuzwa. Tofauti na 1978 ni kwamba mtazamaji sasa hana kanda mkononi. Anakodi dirisha, na mwenye nyumba anaweza kulifunga akiwa bado anachungulia. Tena kila mmoja anatazama peke yake, kwenye simu, kwa bando lake, kitu ambacho jirani yake hakijui. Marafiki wanaokaa pamoja na kulazimishana kutazama kitu kimoja ili wapate cha kubishania wanafanya kazi ambayo hakuna kampuni inayoifanya.

Sisi wa Tanzania Bara hili tungepaswa kulielewa haraka. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka 1994. Wengi tulizijua filamu hizi kwa deki ya jirani na kwa kanda zilizonakiliwa, baadaye kwenye vibanda umiza, zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake anayeongeza vichekesho ambavyo mwandishi wa Hollywood hakuviota. Tafsiri zile ni kazi ya sanaa ya mitaani, na mwenye busara wetu anaziweka kwenye kapu lilelile la upuuzi. Ukitaka kujua nini kitapotea kwanza, angalia nini anakicheka.

Kwa hiyo ombi langu si la heshima kwa mashabiki, hawaihitaji. Ni la vitu. Wakenya mnaoweza kuigiza kesi nzima ya Vioja Mahakamani kwa sauti zote, kuanzia hakimu mpaka mshtakiwa, keti mbele ya simu mrekodiwe kabla sauti hazijakauka. Wenye kanda za filamu zilizotafsiriwa, zitoeni uvunguni, ukungu unazila. Fundi anayejua kufungua deki bado yupo, ila si kijana, na hana mwanafunzi. Vituo vyenye maktaba ya vipindi vya zamani, fungueni mlango, hata kwa siku moja kwa mwezi. Na mkisikia kikundi cha watu kinapandishiana sauti juu ya Kirk na Picard wakati nyama inaungua jikoni, mmoja wenu akageuze nyama.