Benchi moja inagharimu ngapi?

Wakubwa wanajibu kila mara: wanganga wa akili ni wachache, ngojeni. Dkt. Dixon Chibanda wa Zimbabwe hakungoja. Mwaka 2005 serikali yake ilibomoa nyumba, watu wakabaki nje. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua. Familia ilikosa dola 15 za basi ya kumrudisha hospitalini.

Mwaka 2006, pale Mbare, Harare, hakupewa hata chumba. Alipewa wamama wazee 14. Akawafundisha kusikiliza wenye mawazo mengi, kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Utafiti wa 2016 ulionyesha wagonjwa wanapata nafuu. (Wagonjwa wazito bado wanahitaji dawa, ndiyo.)

Katika kambi za Ituri wamama wazee wako. Wanaitwa siku ya kuhesabiwa na ya sabuni. Kuwafundisha na kuwalipa kidogo, nani amekataza? Wakubwa wajibu.