Nani alidanganywa, wao ama wewe?

Kila Oktoba lazima mtu hapa Umoja anitumie hii stori: tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alitangaza mchezo wa redio CBS, watu wa Mars wamevamia Marekani, eti nchi nzima ikatoroka mbio. Halafu mnacheka, "wazee walikuwa washamba."

Msee, ulichunguza? Wengine walishtuka, sawa. Lakini usiku huo watu walipigiwa simu kuulizwa wanasikiza nini, na ni kama asilimia 2 tu waliokuwa kwa Welles. Magazeti ndiyo yalikuza mambo, yakiwa na kinyongo: redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo ya biashara.

Na wewe umeshaitupa kwa grupu ya ploti, ukatumia hadi mathe.