Ukurasa wa Lugha: Mahali pa Mkato na Mahali pa Nukta

Mkulima akimwandikia bwana mifugo maneno haya, “Ng'ombe watano walichanjwa, Jumatano, wawili walikufa,” atakuwa hakukosea tahajia hata mahali pamoja, na bado bwana mifugo hatajua la kufanya. Je, ng'ombe walichanjwa Jumatano, na vifo vikatokea siku isiyotajwa? Au walichanjwa siku nyingine, na wawili hao wakafa Jumatano? Si jambo dogo. Mnyama aliyekufa mara tu baada ya sindano huenda alidhurika na dawa yenyewe. Aliyekufa siku chache baadaye huenda alikuwa na maradhi mwilini tangu mwanzo, maana chanjo haimkingi mnyama saa ile ile atiwapo.

Neno “Jumatano” limesimama kama mti ulioota mpakani mwa mashamba mawili, na mikato iliyowekwa huku na huku haimwonyeshi msomaji mwenyewe ni nani. Dawa yake ni nukta moja. “Ng'ombe watano walichanjwa Jumatano. Wawili walikufa.” Au, ikiwa maana ni ile nyingine, “Ng'ombe watano walichanjwa. Jumatano wawili walikufa.”

Shida ya namna hiyo iliwahi kufika mbele ya majaji wa London. Mwaka 1916 alishtakiwa Roger Casement, yule Mwairlandi ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya watu wa Kongo. Alishtakiwa uhaini kwa sheria ya mwaka 1351, na wakili wake akabishana juu ya maneno machache ya sheria hiyo, yenye maana ya “au mahali pengine”: je, yashikamane na maneno yapi kati ya yaliyotangulia? Ilibidi hata alama za hati ya kale zichunguzwe. Majaji waliikataa hoja ya wakili, na Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti mwaka huo.

Sasa, kanuni yenyewe. Sentensi kamili ni ile iwezayo kusimama peke yake, ina mtenda na kitenzi chake, wala haimwachi msikilizaji akingoja. Zikikutana mbili za namna hiyo, mkato peke yake hauna nguvu ya kuziunga.

Lakini Kiswahili kina njia yake ya kuunga, nayo imo ndani ya kitenzi. “Mzee alifika ofisini, akaketi, akangoja.” Hapo mkato watosha kabisa, maana -ka- imekwisha kumwambia msomaji ya kwamba tendo hili lafuata lile, mkato wampa pumzi tu. Vivyo hivyo katika “Mvua ikinyesha, watapanda,” kipande cha kwanza hakiwezi kusimama peke yake, kwa hiyo chaegemea cha pili. Bali “Mzee alifika ofisini, aliketi, alingoja” ni sentensi tatu zilizofungwa kwa uzi mbovu. Kila moja yajitosheleza, wala hakuna kinachoonyesha kama mambo hayo yalifuatana. Ajabu ni kwamba watu husimulia kwa -ka- barabara kabisa wakiwa barazani, kisha wakishika kalamu huitupa, labda kwa kudhani ya kwamba -li- ina heshima zaidi katika barua ya ofisini. Haina. Na penye kukana, mwenye kuijua lugha husema “akangoja, asimwone karani,” na mnyororo wa habari haukatiki.

Penye viunganishi kama lakini, bali, wala na kwa hiyo, mkato huwekwa kabla ya neno hilo, na mambo huwa shwari. Kinachotaka uangalifu mwingi ni kile kineno kidogo “na”. Katika Kiswahili “na” huunga majina, huunga sentensi, tena humtaja mtenda wa jambo. Kazi tatu kwa mtumishi mmoja! Basi mtu aandikapo, “Shamba lilinunuliwa na Hamisi na Omari alilipa deni,” msomaji atafika nusu ya njia akiamini ya kwamba wanunuzi ni wawili, ndipo akutane na “alilipa” na kulazimika kurudi nyuma. Hati ya namna hiyo ikifika mbele ya baraza la ardhi miaka ishirini baadaye, hao wawili wakiwa wamekwisha fariki, watoto wa Omari wataweza kudai ya kwamba baba yao alitajwa kuwa mnunuzi. Mkato mmoja wamaliza maneno: “Shamba lilinunuliwa na Hamisi, na Omari alilipa deni.” Afadhali zaidi ni kuandika, “Hamisi alinunua shamba. Omari alilipa deni.”

Iko pia nukta-mkato, ambayo wachapaji wa Venice walianza kuitumia mwishoni mwa karne ya 15, nayo huwatisha watu bure. Kazi yake ni kuunga sentensi mbili kamili zilizo jirani kwa maana, bila kiunganishi: “Mahindi ya bondeni yaliungua kwa jua; ya mlimani yalistawi.” Nukta hapo ingefaa vilevile, ila ingewatenga majirani hao zaidi kidogo. Asiye na hakika aweke nukta.

Nukta mbili si sawa na nukta-mkato, ingawa makarani wengi huzichanganya. Hutumika pale sentensi ya pili inapofungua au kueleza ile ya kwanza, kama vile sababu yake. “Buni zilikataliwa kiwandani: zilikuwa mbichi.” Mwenye kusoma hayo aelewa mara moja ya kwamba ubichi ndio uliosababisha kukataliwa, hata pasipo neno “kwa sababu”. Akiandikiwa “Buni zilikataliwa kiwandani; mizani ilikuwa mbovu,” apewa habari mbili tu zilizokaa jirani, na kama moja ndiyo iliyozaa nyingine, itambidi aulize.