Wanaotetemeka Ofisini Februari

Katika ofisi nyingi za katikati ya Dar es Salaam, sweta huning'inia kwenye mgongo wa kiti hata Februari, mwezi ambao mjini hakukaliki kwa joto. Nje watu wanagombea kivuli. Ndani, karani anajitanda khanga mabegani ndipo aweze kuandika. Umeme wa gharama kubwa unatumika kuwatesa watu kwa baridi, na safu hii inasema jambo hilo halistahili kuvumiliwa.

Vipimo vinavyofuatwa na wahandisi wa viyoyozi vina asili yake. Mwaka 1970 Ole Fanger, mhandisi wa Denmark, alichapisha kitabu kilichotegemea majaribio ya wanafunzi waliokalishwa katika vyumba vya maabara, Denmark na Marekani. Kila mmoja alitaja anavyojisikia kwa kipimo cha ngazi saba: tatu za baridi, tatu za joto, na sifuri katikati. Fanger akahesabu mambo sita: joto la hewa, joto la kuta na vioo, mwendo wa hewa, unyevu, nguo, na kazi anayofanya mtu. Hata hivyo, kwa hesabu zake mwenyewe, chumba kinachopata sifuri bado huacha watu 5 katika kila 100 wakinung'unika.

Je, mwili wa nani ndio uliofanywa kipimo? Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walieleza kuwa kadirio la joto linalotolewa na mwili lilimtazama mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Wanawake vijana waliowapima wakifanya kazi nyepesi walitoa joto pungufu kuliko kadirio hilo. Basi anayevaa sweta asiambiwe anadeka.

Mazoea nayo yana nguvu. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walichambua majibu 21,000 hivi kutoka majengo 160 ya mabara manne. Waligundua kuwa watu wenye madirisha wanayoyafungua wenyewe huridhika na joto linalopanda kadiri la nje linavyopanda. Kwa mlinganyo wao, katika mji ambao wastani wa joto la mwezi ni nyuzi 28, kama Dar es Salaam ya Februari, watu huona raha kwenye nyuzi 26.5, na wengi hukubali hadi karibu 30. Pangaboi likizunguka, nafuu huongezeka.

Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua kukabili joto kwa kuta nene na dari za juu. Leo tunaweka vioo visivyofunguka, kisha tunawavalisha watu suti na tai.

Japani ilianza mwaka 2005 kwa nguo: kampeni ya Cool Biz iliwavua wafanyakazi tai na koti, viyoyozi vikapangwa nyuzi 28. Wasimamizi wa majengo yetu waanze kwa kuwapitishia wafanyakazi karatasi yenye zile ngazi saba, asubuhi na alasiri, kabla ya kugusa rimoti.