Msisahau "Nada Sōsō"

Asante kwa makala yenu kuhusu nyimbo za Kijapani za maombolezo, lakini nimesikitika kuona wimbo "Nada Sōsō" haukuguswa kabisa. Ryoko Moriyama aliandika maneno yake akimkumbuka kaka yake aliyefariki angali kijana. Muziki ulitungwa na BEGIN, kundi la kisiwa cha Ishigaki, Okinawa. Mwaka 2001 Rimi Natsukawa, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho, akaurekodi upya, na hapo ndipo Japani nzima ikaushika. Nguvu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba kifo hakitajwi. Zinatajwa picha za zamani, nyota ya kwanza ya jioni na sura inayoanza kufifia kumbukumbuni, kwa hiyo kila mfiwa humweka mpendwa wake humo.

"Lemon" wa Kenshi Yonezu (2018) mmeueleza vizuri, ingawa ingefaa kusema kwamba babu yake alifariki wakati Yonezu akiutunga.

Na wanaodai kwamba nyimbo za namna hii zinatonesha kidonda tu, wasikilize "Hana wa Saku". Ulitoka mwaka 2012, baada ya tsunami ya Machi 11, 2011. Shunji Iwai aliyeandika maneno na Yoko Kanno aliyetunga muziki ni wazaliwa wa Sendai, eneo lililopigwa. Iwai aliwapa sauti marehemu wenyewe: wao ndio wanaowafikiria walio hai na wale watakaozaliwa. Mimi nimefiwa, na sijapata rambirambi iliyonifikia kama hiyo.